Kutoka gengeni: Saskatoon au Winnipeg?

Kijana wa jamii za asili anayetaka kutoka gengeni huko Kanada ana milango miwili ninayoiheshimu. Mjini Saskatoon kuna STR8 UP, shirika la kuwasaidia wanaotoka magengeni, lililoanza na padri André Poilièvre. Wao humtaka awe mkweli, awe mnyenyekevu, kisha atoe miaka 4 ya maisha yake. Minne! Lakini genge nalo ni ndugu. Hulivui kama shati. OPK, shirika kama hilo la mji wa Winnipeg, lilianza na nyundo: vijana walikarabati nyumba, wakapata ujira, huku wakifunzwa mila za wazee wao. Mwenye watoto wa kulisha ningemwelekeza Winnipeg. Aliyejaa hasira na kisasi, Saskatoon, akasikilizane na wenzake waliokwisha kutoka. Na jela? Humo ndimo genge la Indian Posse, la vijana wa jamii hizo hizo za asili, lilimonenepea.