Kikundi cha walezi na watoto kliniki: nyota nne, ya tano imebaki koridoni

Mwanangu wa miaka mitano alianza kung'ata wenzake. Si kwa mchezo. Alama za meno ungeweza kuzihesabu. Kitandani nako, alikokuwa ameshaacha kukojoa, akaanza upya. Nilichapa, nikabembeleza, nikachapa tena. Mimi naishi na VVU, yeye hana. Vipimo vyake vyote, hadi kile cha baada ya kuacha kunyonya, vilitoka salama. Kwa hiyo haikunijia kabisa kwamba ugonjwa wangu na meno yake vinahusiana.

Muuguzi anayenipa dawa ndiye aliyetuelekeza kwenye kikundi hiki. Ni mara moja kwa wiki, kwa wiki nane.

Nianze na kasoro, maana bado inaniuma. Siku ya kwanza mlezi anajaza dodoso la maswali 25 kuhusu tabia za mtoto: anajali hisia za wenzake? Anapigana mara kwa mara? Unajibu si kweli, kweli kiasi, au kweli kabisa. Dodoso lenyewe zuri, linauliza hata mema ya mtoto, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba anayo. Ila nililijazia koridoni, dada wa mapokezi akinisomea kwa sauti, benchi zima kimya kama linasikiliza taarifa ya habari. Sisi tunaojificha hata na chupa ya dawa, mnatuuliza mambo ya nyumbani hadharani?

Chumbani ni habari nyingine. Watoto wanacheza, mwezeshaji anatazama tu. Wangu alimlaza mwanasesere, akamfunika, akamwekea kidole chini ya pua. Akasubiri. Akamfunika vizuri zaidi, akaweka kidole tena. Nikakumbuka usiku ninaposhtuka na kukuta kidole chake usoni kwangu. Nilidhani utundu. Mwaka juzi niliacha dawa kwa ujinga wangu, kifua kikuu kikanilaza wiki tatu, naye akapelekwa kwa shangazi yake bila kuambiwa lolote.

Mwezeshaji hakunikaripia. Aliniuliza, "Na wewe mama, unalala?" Nililia pale pale. Kumbe sehemu kubwa ya kikundi ni kwa ajili yetu wakubwa, kwa sababu mlezi mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, hana subira, na mtoto hujibu kwa meno.

Kuhusu kumwambia mtoto kwamba nina VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe ukweli kidogokidogo, na akifika umri wa shule, miaka 6 hadi 12, ajue hali ya mlezi wake. Wangu kwa sasa anajua kwamba mama aliumwa, anameza dawa kila siku, na ana nguvu. Nilitaka awe ananikumbusha kidonge; mwezeshaji akakataa katakata, mzigo huo si wa mtoto.

Wenye watoto wanaotumia dawa wenyewe wangehitaji kikundi chao. Maswali yao ni mengine, na muda uliwaishia.

Kung'ata kumepungua, hakujaisha. Shuka zinaamka kavu siku nyingi.

Ukienda, omba dodoso ulijazie ndani. Chumba kipo, nimekiona, wameweka maboksi.