Slingshot: tairi tatu kama bajaj, ila imegeuzwa nyuma mbele

Haya nisharudi, na kila baraza nnayopita naulizwa ile picha nliyopiga Dubai, kile chombo wanachokiita "bajaj nyekundu", ni gari au pikipiki na je naileta lini. Naandika hapa mara moja, mchoko wa kurudiarudia siutaki.

Kwanza si bajaj yakhe. Ile ni Polaris Slingshot, ya Wamarekani, ilitoka 2014. Chukua bajaj, igeuze, tairi mbili zije mbele moja ibaki nyuma, halafu ikandamize mpaka makalio yako yawe karibu na lami. Usukani wa gari, pedeli za gari, viti viwili ubavu kwa ubavu, basi. Mlango hakuna, paa hakuna, na kile kijikioo cha mbele kwa mtu mrefu kama mie ni pambo tu, upepo wote ulinipiga usoni na helmeti waliyonipa ilikuwa kubwa inachezacheza kichwani.

Nliikodi usiku maana mchana kule jua si la mchezo, na bei sitaji, mke wangu anasoma hapa. Lakini wallahi raha nliyoipata! Injini lita 2, silinda nne, ya kawaida ina nguvu farasi 178 na ile ya toleo la R, lenye nguvu zaidi, inafika 203 (zile za mwanzo walitumia injini ya lita 2.4 ya General Motors), sasa fikiria nguvu hizo kwenye kitu chenye uzito kama kilo 750 tu. Ukikanyaga mafuta mgongo unaganda kwenye kiti. Na kona ndo usiseme, sote tunajua bajaj ukiikata kona kwa pupa inavyotaka kunyanyua tairi na abiria mnalaliana, hii upana wote uko mbele kwa hiyo inashika chini kama kaa. Spidi 60 unahisi kama 120 kwa vile uko chini na uko wazi. Wifi yenu alishika mtandio kwa mikono miwili njia nzima, nikamwambia uingize ndani ya koti mama, hasikii.

Sasa ubaya wake. Nguvu yote inakwenda tairi moja ile ya nyuma, kwa mkanda, kwa hiyo kwenye mchanga au maji ukikanyaga vibaya mkia unacheza. Ina ABS (breki zisizogandisha tairi) na mitambo ya kuizuia isiteleze, lakini eabegi haina, Marekani sheria inaihesabu kwenye kundi la pikipiki. Mvua ikinyesha imenyesha na wewe umo, viti havinywi maji lakini nguo zako zinakunywa. Mizigo? Nyuma ya viti pana vishimo vya kufungika, helmeti inaingia, polo la mbatata sahau.

Na kwetu huku Unguja tatizo ni njia. Chini imeachwa kama sentimita 13 tu, kwa hiyo matuta yale ya njia ya msitu wa Jozani, yaliyowekwa ili kima punju, wale kima wekundu, wasigongwe, hesabu utaacha bodi pale. Halafu kuna jambo ambalo dereva wa bajaj atanielewa upesi kuliko mwenye Toyota. Gari ukikuta shimo unaliweka katikati, tairi zinapita huku na huku, salama. Tairi tatu huna katikati! Zile za mbele utazipitisha vizuri kabisa, unajipongeza, ile ya nyuma inaingia shimoni mzimamzima, na ndo hiyohiyo inayosukuma. Ongeza na usukani uko kushoto, huku tunapita kushoto, uko nyuma ya daladala na umekaa chini hivyo utachungulia wapi ili uovateki?

Mpya kulekule Marekani ni zaidi ya dola 20,000, bado meli, bado ushuru, na mkanda ukikatika hakuna fundi Darajani atakaekutolea mwengine kwenye droo.

Ukenda Dubai ikodi, usiku, njia ya pwani, utanikumbuka. Ila yule jamaa wangu wa Fuoni anaesema anatafuta ya mtumba aje kwanza Jumamosi nimpakie kwenye vespa yangu twende mpaka Jozani, nimshushe kwenye tuta la kwanza apime kwa rula.