Sheria za Majimbo Mtandaoni: Nani Kasafisha Lugha, Nani Bado

Wengine hutathmini simu na mahoteli. Mimi leo natathmini sheria za majimbo ya Marekani kama zinavyopatikana mtandaoni, na kigezo changu ni kimoja: mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kupata jibu la swali lake humo bila kutukanwa njiani?

Nafanya kazi ya uangalizi hapa Ohio, katika nyumba wanamoishi watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ni kazi ambayo sisi wa kutoka Afrika Mashariki tumejazana. Mmoja wa ninaowahudumia ni mzee wa miaka sitini na kitu. Kusoma kunamshinda, lakini tableti yake inamsomea kwa sauti, na hakuna kinachompita. Kwa hiyo tathmini hii imefanywa kwa masikio zaidi kuliko macho.

Swali lake lilikuwa kama anaruhusiwa kupiga kura. Ana mlezi aliyeteuliwa na mahakama, na kuna mtu alimwambia kwamba mwenye mlezi hana kura.

Tuanze na Ohio, maana ndiko tuliko. Huduma ni ya bure, na katiba ya jimbo pamoja na sheria zake zote ziko wazi kwa yeyote. Hapo sina lawama. Tukafungua katiba, Ibara ya 5, kifungu cha 6. Ile sauti ya mashine, isiyojua kupunguza ukali wala kuona haya, ikasoma kwamba hakuna punguani wala mwendawazimu atakayestahili haki za mpiga kura. Sentensi moja tu, fupi, imekaa humo tangu katiba ya 1851. Mzee akanigeukia: "Hapo wananisema mimi?"

Kinachoniudhi ni kwamba jibu la kweli la Ohio si baya hata kidogo. Ukienda kwenye sheria za kawaida za jimbo, unakuta kwamba mtu huondolewa kwenye daftari la wapiga kura pale tu mahakama ya mirathi, ambayo huku ndiyo hushughulikia pia mambo ya walezi, inapoamua kuwa hana uwezo kuhusu suala hilohilo la kupiga kura. Kuwa na mlezi peke yake hakutoshi. Mzee wangu hajawahi kufanyiwa uamuzi wa namna hiyo, basi kura anayo. Lakini ili ulifikie jibu hilo zuri lazima kwanza upite kwenye tusi, na si kila mtu atakuwa na moyo wa kuendelea kusikiliza.

Wala msiniambie kwamba Ohio haiwezi. Mwaka 2009 jimbo hilihili lilifuta neno la zamani la utaahira kwenye jina la idara yake inayohudumia watu hawa, na bodi za kaunti zikafuata. Katiba ni ngumu zaidi, nakubali. Bunge likitaka kuibadilisha, inabidi tatu kwa tano ya wajumbe wa kila baraza lake wakubali, kisha wananchi wapige kura. Ugumu huo haujawazuia wengine. Nyota mbili.

New Jersey walikuwa na sentensi kama hiyohiyo, na mwaka 2007 wananchi wenyewe waliiondoa kwa kura. Kilichoingia badala yake ni mtu ambaye mahakama yenye mamlaka imeamua kwamba hana uwezo wa kuelewa tendo la kupiga kura. Hebu itazame vizuri. Sentensi ya kale inakutaja kwa jina baya halafu haisemi nani ataamua kama jina hilo ni lako: karani, jirani, au shemeji anayetaka nyumba yako? Ile mpya inamtaja mwamuzi, na inataja jambo lenyewe analopaswa kuliamua. Lugha imesafishwa na haki nayo imenyooshwa kwa mkupuo mmoja. Nyota tano, bila kusita.

Kentucky, kifungu cha 145 cha katiba. Mississippi, kifungu cha 241. Maneno ni yaleyale ya karne ya 19. Nyota moja kila mmoja, na hizo sikumsomea mzee.

Kuna wanaotetea maneno hayo kwa hoja kwamba zamani yalikuwa ya kitaalamu, na ni kweli yalikuwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasaikolojia Henry Goddard aliwapanga watu kwa madaraja kufuata umri wa akili, na kila daraja likapewa jina lake. Majina hayo ndiyo leo watoto wanatukanana nayo shuleni. Mwaka 1927, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi mwanamke kwa lazima huku jaji akitumia moja ya majina hayo bila wasiwasi wowote. Kwangu hiyo ni sababu ya kuyaondoa, si ya kuyatunza. Ila historia hiyo inatufundisha jambo ambalo watunga sheria wengi hulisahau: neno la heshima la leo nalo litachacha. Kusafisha mara moja hakutoshi.

Ndiyo maana Washington imenifurahisha sana. Mwaka 2004 jimbo hilo lilitunga sheria ya lugha yenye heshima, inayomwagiza mhariri wa sheria za jimbo aepuke maneno fulani yaliyoorodheshwa na kumtanguliza mtu kabla ya ulemavu wake kila vifungu vinapoandikwa au kurekebishwa. Yaani ni kazi ya kudumu, kama fundi mwenye mkataba wa matengenezo, si mgeni anayepaka rangi na kuondoka. Mwaka 2010 walirudi tena wakaweka "ulemavu wa akili" mahali pa neno la kale, lile la utaahira. Na wakawa waangalifu: sheria haibatiliki kwa sababu tu imeandikwa kwa maneno yasiyofuata agizo hilo. Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu kumtanguliza mtu si chaguo la kila mtu. Viziwi wengi wanataka waitwe viziwi, na wapo watu wengi wenye usonji wanaouona kuwa sehemu ya nafsi yao, si mzigo wa kutajwa mwishoni.

Maryland nao wana sifa yao. Mwaka 2009 walibadilisha lugha ya sheria zao kufuatia juhudi za familia ya msichana mwenye ugonjwa wa Down, Rosa Marcellino, na tarehe 5 Oktoba 2010 Rais Obama akasaini sheria ya taifa zima yenye jina la Rosa. Sheria hiyo inasema wazi kwamba haibadilishi haki wala vigezo vya huduma, na wapo wanaoicheka kwa hilo, eti ni maneno matupu. Mimi nashika mafaili, kwa hiyo sicheki. Faili la mzee limejaa karatasi za miaka aliyoishi kwenye taasisi, zote zikitumia neno la kale. Ofisi moja iliwahi kututaka tuthibitishe kwamba ugonjwa ulioandikwa kule ndio huohuo ulemavu unaotajwa kwenye fomu mpya. Tulihangaika. Jimbo linalobadilisha neno bila kuandika mstari unaosema "karatasi za zamani zikisema vile, someni hivi" linaweza kumkosesha mtu huduma huku likijipongeza.

Ushauri kwa watakaotafuta hukumu za kesi mtandaoni: tumieni maneno yote mawili, la kale na jipya, hata kama ulimi unakataa. Hukumu za zamani hazihaririwi. Mahakama ya Juu yenyewe ilitumia neno la kale kwenye kesi ya Atkins mwaka 2002, na ikahamia kwenye jipya mwaka 2014, katika kesi ya Hall dhidi ya Florida. Ukitafuta kwa neno jipya pekee, nusu ya historia hutaiona.

Mwisho nilimwomba mzee naye atoe nyota zake. New Jersey aliipa tano kama mimi. Washington akasema iko mbali mno, hana maoni. Ohio akaipa tatu, moja zaidi ya zangu. Nikamwuliza kwa nini, na lile neno amelisikia kwa masikio yake. "Jibu lilikuwa ndiyo," akasema, kisha akataka kujua fomu ya kujiandikisha iko wapi.