Nyumba ya likizo kisiwani: ufukweni au kilimani?

Ya ufukweni huuzwa na macho: unafungua mlango, unakanyaga mchanga. Lakini chumvi ya bahari haipumziki. Bawaba, mabati na kiyoyozi huliwa na kutu, na nondo zikishaingiwa na kutu huvimba hadi zege linapasuka. Kabla hujalipa, kagua dari na pembe za nguzo. Ukiona michirizi ya kahawia, usiipuuze hata kidogo. Uliza pia ufuo umemegwa kiasi gani na mawimbi.

Ya kilimani hupata upepo, na mawimbi ya dhoruba hayaifikii. Shida yake ni maji ya kupandishwa kwa pampu, na barabara inayoteleza msimu wa mvua. Kwa nyumba inayofungwa miezi mingi, mimi ningechukua hii, mradi hati ya ardhi iwe safi.