Programu ya makundi ya namba za bahati nasibu: nimeijaribu kwa vizibo vya soda

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tunaiangalia hii programu ya simu inayochambua droo za bahati nasibu. Wengi mmeniuliza kama inafaa, kwa hiyo nimeilipia na kuitumia wiki tatu nzima kabla sijafungua mdomo.

Inafanya hivi. Chukueni bahati nasibu ya namba 6 kati ya 49, ile waliyokuwa wakicheza Uingereza tangu 1994 hadi 2015. Namba zinagawanywa makundi matano: 1 hadi 9, 10 hadi 19, hivyo hivyo mpaka 40 hadi 49. Kila kundi lina rangi yake. Tazameni hapa kwenye kioo cha simu, droo hii rangi ya kijani haipo kabisa. Inayofuata, njano imekosekana. Wanadai kwamba karibu kila droo kuna kundi linalokosa, na hilo ni kweli. Nimepiga hesabu mwenyewe: katika kila droo 100, kama 86 zinaacha kundi moja au zaidi.

Sasa hii sufuria ina vizibo 49 vya soda, nimeviandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Natikisa. 41... 13... 4... 36... 47... na 11. Mmeona? Kundi la 20 hadi 29 limekosa, bila programu yoyote.

Ninapokasirika ni hapa, kwenye hii alama nyekundu: "Kundi limechelewa, liko karibu kutoka." Jamani, hapana! Kizibo hakikumbuki droo ya jana. Kule Italia, namba 53 kwenye droo ya mji wa Venezia ilikaa tangu Mei 2003 bila kutoka, droo zaidi ya 180. Watu wakaifukuzia kwa akiba zao, wakakopa, wengine wakajiua. Ilikuja kutoka Februari 2005. Na siku zote hizo nafasi yake kwa kila droo ilikuwa ileile, 1 kati ya 18. Anayemwambia mtu maskini kwamba namba "imeiva" anamtia kwenye shimo hilo hilo.

Programu inachambua pia namba shufwa na witiri, lakini hilo sitakaa nalo sana. Ni kweli shufwa tatu na witiri tatu hutokea kama droo 33 kati ya 100, lakini tiketi za namna hiyo ziko 4,655,200. Yako ni moja tu kati ya hizo.

Kitu ambacho kingenisaidia hakimo: kujua wenzangu wanachagua nini. Tarehe 14 Januari 1995, Uingereza, zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Nyingi zilikuwa safu za katikati za karatasi ya kuchezea, ambako mikono ya watu hupenda kwenda. Washindi wakawa 133, pauni milioni 16 zikagawanywa, kila mmoja akaondoka na kama 122,500. Kukwepa namba za wengi hakukuongezei nafasi ya kushinda, ila ukishinda hugawani na kijiji kizima.

Kwa hiyo rangi ni nzuri, historia ya droo imepangwa vizuri, lakini kwa sababu ya ile alama nyekundu siwezi kumwambia mtu ailipie. Haya, vizibo vyote vimerudi ndani. Kabla sijatikisa tena, niandikieni hapo chini: kundi gani litakosa?