Poly-Rythmo ya Cotonou katika jalada jipya: The Vodoun Effect

Kwa miaka mingi niliyosikiliza vipindi vya zilipendwa redioni sikuwahi kukutana na Orchestre Poly-Rythmo de Cotonou, bendi ya mji wa Cotonou ambayo huko Benin, Afrika Magharibi, jina lake hutanguliwa na maneno "Tout Puissant", yaani yenye nguvu zote. Niliifahamu kupitia CD iliyotolewa mwaka 2008 na Analog Africa, kampuni ndogo ya Frankfurt, Ujerumani, iliyoanzishwa na Samy Ben Redjeb, mtu aliyekuwa akisafiri katika miji ya Afrika Magharibi kutafuta santuri kuukuu na kuwatafuta wanamuziki walioziimba. CD hiyo inaitwa The Vodoun Effect, na ina nyimbo 14 zilizorekodiwa kati ya mwaka 1972 na 1975. Nimeishi nayo muda wa kutosha kusema kwamba ni kazi nzuri na thamani yake inalingana na bei, ingawa haimwonyeshi mnunuzi bendi nzima.

Poly-Rythmo ilipata jina hilo mwaka 1968 chini ya kiongozi wake Mélomé Clément, na mfadhili wake mkuu alikuwa Seidou Adissa, mwenye Albarika Store, lebo (yaani kampuni ya kutoa santuri). Kazi za Albarika zilipata heshima zote: bendi ilipelekwa Lagos, Nigeria, ikarekodi katika studio ya EMI yenye vifaa vya kutosha. Nyimbo za CD hii hazikupitia njia hiyo. Kwa kuwa mkataba uliwazuia kufanya kazi na wengine, wanamuziki walizirekodi pembeni kwa ajili ya lebo ndogo ndogo za mjini, ndani ya nyumba za watu, kwa kutumia kinasa sauti cha Nagra kilichotoka redio ya taifa na maikrofoni moja au mbili tu. Hebu fikiria bendi yenye magitaa, kinanda, drams, tumba, wapuliza tarumbeta na waimbaji, wote wakigawana maikrofoni hizo mbili sebuleni mwa mtu.

Matokeo yake yanasikika tangu wimbo wa kwanza, Mi Homlan Dadalé. Sauti imejaa mpaka inamwagika, na kila wapuliza tarumbeta na waimbaji wanapoingia kwa pamoja mkanda unaelemewa na kutoa mkwaruzo ambao fundi wa studio angeufuta mara moja. Analog Africa haikuufuta, nami naona ilitenda haki, maana mkwaruzo huo umeungana na muziki wenyewe, na kuusafisha kungeondoa nguvu ya sauti pamoja na uchafu wake. Wanaozifahamu kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zile ambazo bendi ilipiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja na kosa lililotokea likabaki palepale, hawatapata shida kuizoea sauti hii. Tofauti iko katika mwendo. Masikio yaliyolelewa na dansi hungoja chemko, yaani waimbaji wamalize beti zao kisha magitaa yaachiwe, ilhali kwa Poly-Rythmo wimbo huanza ukiwa umekwisha kuchemka na hubaki kwenye moto uleule mpaka mwisho. Gitaa la besi la Gustave Bentho hurudia kishazi kifupi kilekile kwa dakika kadhaa bila kuchoka, na juu yake gitaa la solo la Papillon huingia na kutoka kama mtu anayechungulia dirishani.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni sato. Jina la CD linaitaja vodoun, na mteja asiyejua anaweza kudhani kwamba ni neno la kutishia au la kuuzia bidhaa, kumbe vodoun ni dini ya jadi ya watu wengi wa Benin, na sato ni mdundo unaotokana na ibada za kila mwaka za kuwakumbuka wafu. Hupigwa kwa ngoma iliyosimama wima, yenye kimo cha mtu mzima, nao wapigaji huizunguka huku wakicheza. Bendi iliuchukua mdundo huo ikaugawa kati ya drams, tumba na magitaa, kisha ikaufunika kwa fanki iliyokuwa ikivuma wakati ule kutoka Marekani. Wakati fulani nilijaribu kuuhesabu kwa kupiga meza kwa vidole, nikapotea kila mara pale kengele ilipoingia mahali ambapo mimi ningeacha nafasi tupu. Mtu aliyekulia karibu na ngoma za kwao ataelewa mapema kuliko mimi kwamba hapa hakuna fujo.

Lawama yangu inahusu uteuzi wa nyimbo. Bendi hii haikujiita Poly-Rythmo bure: ilipiga muziki wa mtindo wa Kuba, rumba ya Kikongo, highlife (muziki wa dansi wa Ghana na Nigeria), nyimbo za taratibu za mapenzi, na karibu kila kitu ambacho wachezaji wa Cotonou walikitaka Jumamosi usiku. Analog Africa imechagua fanki na sato, na kichwa kidogo cha jalada kinakiri hivyo waziwazi, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Hata hivyo, uchaguzi huo unafuata ladha ya mnunuzi wa Ulaya aliyekwisha kumpenda Fela Kuti, yule mwanamuziki wa afrobeat wa Nigeria, na anatafuta kitu kinachofanana naye. Mzee wa Cotonou aliyecheza bolero zao huenda asiitambue bendi yake humu. Kuna pia jambo dogo linalonikera kila ninapolitazama jalada: linazungumzia lebo za Benin, ilhali nyimbo zilipokuwa zikirekodiwa nchi ilikuwa ikiitwa Dahomey, na jina la Benin lilitangazwa mwishoni mwa Novemba 1975.

Kijitabu kinachoambatana na CD ni sehemu ya bei, wala si pambo. Kimejaa picha za enzi hizo na kumbukumbu za wanamuziki wenyewe, na ndicho kilichonieleza habari za Nagra na zile rekodi za pembeni. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na kingenifaa zaidi kama kingeeleza maana ya nyimbo, kwa kuwa nyingi ziko katika Kifon, lugha ya kusini mwa Benin, na msikilizaji wa mbali hubaki akikisia kama mwimbaji anaomboleza au anatania.

Kuhusu kuipata, ninaonya jambo moja. Niliagiza nakala ya kwanza kupitia duka moja la mtandaoni, ikafika baada ya miezi miwili, kasha limevunjika kona na kijitabu hakimo, na barua zangu za malalamiko hazikujibiwa. Nakala niliyonayo sasa ililetwa na shemeji yangu aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka Ujerumani. Anayeagiza na asisitize mapema kwamba anataka kijitabu, maana bila hicho amenunua nusu ya bidhaa.

Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa Echos Hypnotiques, inayokusanya kazi za Albarika Store za kati ya mwaka 1969 na 1979, na hapo ndipo inasikika tofauti ambayo studio ya Lagos iliifanya: kila ala ina nafasi yake na sauti ya mwimbaji haigombani na tarumbeta. Kwa mtu asiyevumilia mkwaruzo ningempa hiyo kwanza. Kwa mpenzi wa rumba na mitindo ya Kuba ningemwelekeza kwenye Reminiscin' in Tempo, iliyotolewa mapema zaidi na Popular African Music, kampuni nyingine ndogo ya Frankfurt. Mimi mwenyewe, kila jirani anapopita kuniuliza ni muziki gani huo, huwa nimeweka The Vodoun Effect.