Miezi 14 na sprei ya pilipili, kutoka mjini hadi Zimmerman

Nafanya kazi kwenye duka la dawa katikati ya mji wa Nairobi. Tunafunga saa tatu usiku, na mpaka nipate matatu ya namba 44 na tujikwamue kwenye foleni ya Pangani, nashuka Zimmerman saa nne na zaidi. Kutoka stejini hadi ploti yetu ni dakika 12 kwa mguu, na dakika 5 kati ya hizo hazina kioski wala taa. Mwaka jana mwenzangu wa kazini aliporwa simu akielekea kwake, akasukumwa ukutani hadi akashonwa nyuzi kwenye nyusi. Wiki hiyohiyo nikaenda kununua sprei ya pilipili.

Ya kwanza niliinunua shilingi 900 kwenye duka la vifaa vya simu. Kopo jekundu la mililita 20, limechorwa pilipili kubwa, basi. Sikusoma kitu. Hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu kusoma vibandiko ndiyo kazi yangu. Dawa isiyo na tarehe siuzi hata mteja akinibembeleza. Kopo lile halikuwa na tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha, halikusema lina nguvu kiasi gani, na kilichozuia kitufe kisibonyezwe kilikuwa kifuniko chepesi cha plastiki ambacho hata mtoto angeking'oa. Nikalitia mkobani pamoja na funguo, mwavuli na kopo la chakula, nikajihesabu nina ulinzi.

Siku ya tisa mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yote ya matatu yamefungwa, tumesimama Muthaiga. Nilipoinama kutafuta nauli, mwavuli ukagandamiza mkoba. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo sana, kama soda inayofunguliwa polepole. Jirani yangu akakohoa mara moja, akakohoa tena, kisha matatu nzima ikaanza. Koo lilikauka kama nimemeza majivu, macho yakajifunga yenyewe. "Nani amepuliza dawa humu?" makanga akapiga kelele huku akifungua mlango, na watu wakamwagikia barabarani kwenye mvua.

Kiti cha nyuma yangu kulikuwa na mama na mtoto wa miezi kama minane. Mama alikuwa anamsugua mtoto macho kwa leso. Nikamwambia, "Usimsugue, mama, tafadhali, tumwagie maji." Nilikuwa na chupa ya lita moja, nikammiminia mtoto polepole kutoka upande wa pua kwenda nje hadi ikaisha, na konda akaleta nyingine. Nikasema mbele ya wote kwamba kopo ni langu. Mzee mmoja alikuwa ameegemea ubavu wa gari na pampu yake ya pumu mkononi. Akapumua kwanza, ndipo akaniambia, "Binti yangu, kitu hiki kinaua mtu mwenye kifua kama changu." Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, nikasimama naye mpaka pumzi ikamrudia.

Kwa hiyo ninapokwambia uchague vizuri, nina watu wale machoni.

Kilichomo ndani ya makopo haya ni mafuta mazito yanayokamuliwa kutoka kwenye pilipili, na kinachowasha ni kapsaisini na ndugu zake. Wauzaji wengi watakutajia asilimia ya mafuta, 10 au 18, au mamilioni ya vipimo vya Scoville, yaani kipimo cha ukali wa pilipili. Namba hizo hazikwambii mengi: mafuta mengi ya pilipili pole ni dhaifu kuliko mafuta machache ya pilipili kali. Tafuta kiwango cha kapsaisini zenyewe ndani ya dawa yote, ambacho kwenye makopo ya kawaida ni kati ya asilimia 0.18 na 1.33. Kopo langu la pili lilikuwa na 1.33, limeandikwa waziwazi kwenye kibandiko, na tarehe ya kuisha imepigwa chini ya kitako.

Tarehe si pambo. Mengi hudumu miaka miwili hadi minne, na kinachowahi kuisha ni msukumo kuliko ukali, kwa sababu gesi inayosukuma dawa huvuja kidogokidogo. Kopo la zamani linaweza kutoa tone likakuangukia kidoleni. Joto nalo si rafiki yake. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 49, na kopo lililofura huweza kupasuka.

Halafu namna linavyopuliza. Kuna linalotoa ukungu, linalotoa mkondo mwembamba, na la jeli. Ukungu unampata mtu hata ukikosea shabaha, lakini upepo ukikugeukia unakurudia wewe, na ndani ya chumba au gari unawapata wote. Lile la kwenye matatu lilikuwa la ukungu. Mkondo huenda mita tatu hivi kwenye makopo madogo na hautawanyiki sana. Jeli hunata, haipeperuki, ila lazima uipige usoni penyewe na inachukua muda kidogo zaidi kushika. Kwa mtu wa matatu kama mimi, ukungu sirudii. Nilichukua jeli.

La pili lilinigharimu shilingi 1,800, na nililipa kwa moyo mweupe kwa sababu ya kufuli lake. Kitufe kimezama chini ya kikofia kigumu chenye springi: kidole gumba kinaingia kutoka upande, kinainua, kinabonyeza. Ukiachia, kinajifunga chenyewe. Nililibana mkobani na mwavuli uleule mara nyingi kwa makusudi, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, halikutoa kitu. Lawama yangu ni pete ya funguo iliyokuja nalo, laini kama waya wa kufungia mkate. Ilinyooka mwezi wa pili na kopo likadondoka kwenye ngazi. Niliweka pete ya chuma ya fundi funguo, shilingi 50.

Nilinunua pia kopo la mazoezi lenye maji matupu, umbo lilelile. Jumapili jioni nilipanda juu ya ploti tunakoanika nguo, nikaning'iniza boksi la mayai kwenye kamba kwa kimo cha uso wa mtu, kaka yangu akiniamuru, "Sasa!" Mara ya kwanza nilitumia sekunde sita kulitoa mkobani. Kaka alikuwa ametembea kutoka kwenye tangi la maji hadi akanigusa bega, taratibu, bila kukimbia. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kulibeba mkobani. Likawa kwenye mfuko wa kulia wa jaketi, mkono umelishika tayari kabla sijashuka kwenye matatu: vidole vinne vimelizunguka, gumba kwenye kikofia bila kukiinua. Ukilishika kwa kidole cha shahada kama chupa ya manukato, mtu akikugonga mkono linaanguka.

Usiku niliolihitaji ulikuwa wa Alhamisi. Mwanamume alishuka nami, akapunguza mwendo nilipopunguza, akavuka nilipovuka. Kwenye ile sehemu ya giza niligeuka nikamtazama, mkono mfukoni, nikasema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara: "Simama hapo hapo! Usinikaribie!" Taa ikawashwa ghorofani, mbwa wakabweka. Alisimama, akatazama mfuko wangu, akarudi alikotoka. Sikupuliza. Kama ningepuliza, nilikuwa nimeshajipangia: pigo moja la nusu sekunde hadi sekunde moja, hatua pembeni, kisha mbio hadi kwenye geti la kwanza lenye mlinzi. Kopo dogo huisha ndani ya sekunde chache. Huwezi kusimama kupigana nalo.

Binamu yangu ni wakili, na nilipomsimulia usiku huo hakunipongeza. Alinifungulia sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, akanionyesha kwamba maana ya silaha humo haishii kwenye bunduki. Inagusa pia kifaa kilichoundwa kurusha kimiminika au gesi yenye madhara. "Duka kuuza kitu hadharani hakukupi wewe ruhusa ya kutembea nacho," akasema. Maneno hayo yalinikosesha usingizi kuliko yule mwanamume. Kama ungali unafikiria kununua, kamuulize wakili au kituo cha polisi kwanza, usifuate nilivyofanya mimi. Na usifike nalo uwanja wa ndege: kwa kanuni za safari za anga sprei hizi hazipandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo.

Nimeandika barua kuulizia kibali. Mpaka nipate jibu la maandishi, kopo liko nyumbani, rafu ya juu kabisa, limefungwa kwa mfuko, mbali na jiko na mbali na mtoto wa dada yangu. Nyumbani sote tunajua la kufanya likivuja: toka kwenye hewa safi, usisuguesugue, vua lenzi za macho kama unazo, mwaga maji baridi mengi kwa dakika 15 au zaidi, ngozi ioshwe kwa sabuni ya vyombo kwa sababu ni mafuta. Usipake Vaseline wala losheni, unayafungia mafuta yale ndani. Maziwa ambayo kila mtu hushauri hayashindi maji. Mwasho hupungua baada ya dakika 30 hadi 45. Mwenye pumu apelekwe hospitali bila kungoja hizo dakika.

Barabarani sasa nabeba king'ora cha mkononi, shilingi 700, boksi limeandikwa desibeli 120. Kamba ya pini nimeizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kwa hiyo mtu akininyang'anya kifaa, pini inachomoka na kinalia mikononi mwake. Nilikijaribu juu ya ploti na kaka yangu, saa ileile ya jioni. Mama wa chumba namba 9 alitoka na mwiko mkononi kuuliza nani anauawa. Nimemwomba, akikisikia tena saa nne usiku, atoke hivyohivyo.